Fundi Saa na Kijiji cha Kwenye Sinia

"Hii kijiji hapana, Mama Zena. Saa yake imekufa."

Mimi namuiga mpaka leo, na wajukuu zangu wanacheka mpaka wanakaa chini. Unabana pua kidogo, ile "hapana" unaivuta kama unatoa uzi kwenye sindano, halafu unafunga mdomo. Kwisha. Fundi akishasema hapana hakuna mjadala.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, kwangu, mimi nakaanga mahamri na yeye kakaa mezani na kitabu cha maktaba, kitabu kizito, picha tupu. Kijiji cha Italia, kisiwani, kinaitwa Prochida. Bandari ndogo kama kiganja, mashua zimefungwa, nyumba zimepandana mlimani, hii ya waridi, hii njano, hii buluu ya kanga mpya. Mimi kusoma sijui, lakini macho ninayo. Nikamwambia, "Fundi, chukua hiki hiki, kimekaa kama peremende." Yeye kabana kile kioo chake jichoni, kile cha kutazamia matumbo ya saa, kainama mpaka ndevu zinagusa karatasi. Juu ya nyumba pana kanisa, kanisa lina saa. Akafunua ukurasa wa pili, bandari ile ile, kwa karibu. Akainama tena.

"Hii picha, saa nne na dakika kumi. Hii ingine, saa nne na dakika kumi. Imesimama. Watu wameacha saa yao ikafa katikati ya mji, hakuna hata mmoja anaona haya. Shirin wangu hawezi kwenda kwa watu kama hao."

Kitabu kikafungwa. Prochida ikaondoka hivyo, kwa kosa la saa.

Jina lake sitalitaja, na sidhani kama lingewasaidia. Jengo zima pale Jane na Finch, huku Toronto, tulimwita Fundi Saa. Hata Wajamaika wa ghorofa ya chini walimwita Fundi, wakidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Mlango wake ulitazamana na wangu, ghorofa ya tisa, na kwa miaka kumi na kitu sikumbuki siku iliyopita bila ule mlango kufunguliwa na sauti kuuliza, "Mama Zena, uko hai?" Na mimi nikajibu, "Nipo, unataka kurithi nini?"

Kazi yake ilikuwa kibanda kule Agincourt, kati ya muuza samaki na saluni ya nywele. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Kabati la kioo, taa moja, na yeye. Wateja walikuwa wanakuja na saa za betri za bei rahisi, wanasema kwa haraka zao, "Badilisha tu betri, niko na parking." Yeye anaichukua ile saa kama kapewa mtoto mgonjwa. Anaisikiliza. Anaiuliza mwenyewe, "Lini ilianza kuchelewa?" Mteja anatazama dari. Nimekaa pale kibandani mara nyingi nikingoja basi, nikawaiga wote, na yeye akijifanya hasikii huku mabega yanamtikisika.

Kwa Kiswahili tulikuwa hatupatani. Yeye Mhindi wa Tanga, mimi wa Pangani, kila mmoja anadai kuwa ndiye mwenye lugha. Mimi nilikuwa namcheka "hii kijiji" yake. Yeye ananiambia, "Wewe yako Kiswahili ya kugombana, Mama Zena. Yangu ya kuuza. Nani anakula vizuri?" Na kweli alikuwa anakula vizuri, mahamri yangu manane kwa mkupuo mmoja, kisha anasema iliki haikutosha.

Alikuwa na mambo yake. Kwenye lifti haongei, anahesabu. Mlango ukifunguka tisa, "Sekunde arobaini na mbili. Jana ilikuwa arobaini," na anatikisa kichwa kama daktari. Watoto wa jengo walimpenda kwa mchezo mmoja. Alikuwa na chupa ya skrubu za saa, vidude vidogo kama mbegu za mchicha. Anatia vidole bila kutazama, anachota, anasema "ishirini na tatu". Watoto wanamwaga kwenye karatasi, wanahesabu. Ishirini na tatu. Anachota tena, kumi na sita. Ni kumi na sita. Akawaonyesha vidole vyake, "Hii macho yangu ya pili. Ile ya kwanza ya kutazamia mke wangu tu."

Lakini mganga hajigangi. Saa yake mwenyewe ya mkononi ilikuwa imekufa tangu nimjue. Nikimuuliza, anasema inangoja spea. Na mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa anawafokea wateja wake: "Kwa nini umeiweka kabatini miaka miwili? Saa mbovu haiwekwi." Alikuwa na neno lake alilolisema kibandani na kwenye harusi na hata msibani: "Saa iliyosimama haidanganyi mtu. Ile inayochelewa ndiyo mwongo, kwa sababu unaiamini." Mimi nilikuwa naitikia tu, nikijua neno hili siku moja nitamrudishia.

Sasa niwaambie habari ya Shirin, mkewe, maana bila Shirin Fundi hana habari.

Shirin alikuwa mwembamba, mtaratibu, Kiswahili chake kimenyooka kama rula, na hakuwahi kunishinda kwa maneno ila kwa kutabasamu. Ukienda kwao, chai inakuja juu ya sinia. Sinia la bati, alipewa siku ya arusi yake, limetembea Tanga mpaka Toronto. Limechorwa bandari. Bandari ndogo ya huko kwa Wazungu wa jua, nyumba za rangi zote zimeinamia maji, ngazi, mashua tatu, na mwanamke dirishani anaanika shuka. Halina jina. Katikati rangi imebanduka kwa vikombe vya miaka yote, kwa hiyo bahari ina madoa ya mviringo kama sarafu. Nilikuwa namtania, "Shirin, sisi tunakunywa chai baharini na hatulowi." Yeye anagusa yule mwanamke wa dirishani. "Mimi nilipokuwa bibi arusi nilidhani huyu ataniita siku moja." Fundi alimwahidi atampeleka. Ahadi ya kijana, lakini hakuikana. Mambo yakaja tu: watoto, kuhama, ada za shule, goti.

Halafu siku moja Shirin akamimina chai pembeni ya kikombe. Ikatiririka bandarini. Akacheka, akasema amezeeka. Wiki ile ile akamimina tena pembeni.

Ilikuwa presha ya macho. Inakula kutoka pembeni kuja katikati, polepole, haiumi. Shirin mwenyewe alinisimulia alivyoambiwa, nami nikamuiga yule daktari kijana, sauti laini kama anambembeleza mtoto ale uji: dawa zitachelewesha, hazitarudisha. Kama kuna kitu unapenda kukiona, mama, nenda kakione, usikiweke.

Fundi alikuwepo. Alirudi nyumbani, akafunga kibanda wiki nzima, akaenda maktaba. Hivyo ndivyo vijiji vilivyoanza.

Kila Jumamosi kwangu, maana kwao Shirin angesikia, naye alitaka ampe habari iliyokamilika. Vitabu, vijitabu vya safari, karatasi ambazo mjukuu wangu Rahma alimtolea kwenye kompyuta. Kwanza alitaka kijiji cha kwenye sinia chenyewe. Akalileta sinia limefichwa ndani ya koti, akapima matao, akahesabu ngazi, akalinganisha na picha mia. Nikamwambia, "Fundi, aliyechora huyu labda hajawahi kutoka kwao." Akakasirika siku mbili. Baadaye akakubali kinachofanana.

Hapo ndipo niliona ufundi ni ugonjwa. Kijiji hiki ngazi nyingi, goti la Shirin. Hiki nyumba zimepakwa rangi juzi, si za kweli, za kuvutia wageni. Hiki picha imepigwa asubuhi, mchana rangi zitakufa. Hiki hakuna msikiti hata wa wasafiri. Hiki mwanamke wa dirishani hayupo. Hicho nilimwambia, "Kaenda sokoni, atarudi." Hakucheka.

Na kile kilichopita majaribio yote, akakitia kwenye istikhara.

Wao Mashia wana istikhara ya tasbihi. Sisi kwetu mtu akishikwa na jambo anasali rakaa mbili, anaomba, anamwachia Mungu. Wao, unaweka jambo lako moyoni, unasoma salawati, unafumba macho, unashika tasbihi popote pale, halafu zile punje ulizozikamata unazihesabu mbili mbili. Ikibaki moja, heri, nenda. Zikibaki mbili, acha. Na kilichokataliwa hakiulizwi tena. Huwezi kumrudia Mungu kama mtoto anayedai pipi.

Simi ya Ugiriki: zikabaki mbili. Koliure ya Ufaransa: mbili. Vernasa: mbili. Kila kimoja alikuwa amekitazama kwa kioo mwezi mzima, kakipenda, kashajua hata mkahawa gani watakula samaki. Anafumba macho, anashika, anahesabu. Mbili. Anakunja karatasi na kuichana vipande vidogo vinavyolingana. Mimi nikawa namwambia, "Mungu wako anaogopa maji?" Yeye anajibu, "Usimtanie, Mama Zena. Nitanie mimi."

Majira ya baridi ya kwanza yakapita, ya pili, ya tatu. Shirin akaacha kushona. Akaacha kwenda peke yake kule Vaughan msikitini kwao, akawa anangoja gari la jirani. Kwangu alikuwa anakuja akipapasa ukuta wa korido, na siku moja alikaa akanitazama usoni kwa muda mrefu, kichwa kikisogea kidogo kidogo. Akasema, "Nakuona vipande vipande, Mama Zena. Pua, halafu mdomo." Nikamwambia ana bahati, nikionekana wote ninatisha. Tukacheka. Akasema, bila kulalamika, kama anauliza bei ya nyanya, "Fundi bado anachagua?"

Nikasema bado.

"Mwambie sihitaji kizuri sana."

Majira ya baridi ya nne, nilikuwa nachambua mbaazi. Fundi kakaa mbele yangu, karatasi zimekwisha, hana cha kutazama. Akatia mkono kwenye ungo wangu, kwa mazoea tu, akachota. Akasema, huku akili iko mbali, "Thelathini na nane." Akazimwaga, akanyanyuka kwenda chooni. Sijui kwa nini nilizihesabu. Kusoma sijui, lakini kuhesabu mbaazi najua. Thelathini na nane.

Nilitaka kucheka. Nikazihesabu tena.

Aliporudi nikamwambia, "Fundi, kaa." Akakaa. "Ile tasbihi ukiishika, unajua umeshika punje ngapi?"

Akaangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Sifanyi makusudi, Mama Zena. Wallahi sifanyi makusudi."

"Sikuuliza makusudi. Nimeuliza unajua?"

"Vidole inajua."

Akasema, na sauti hii sijawahi kuiiga mbele ya mtu na leo ndiyo mara ya kwanza: "Nikimpeleka, halafu tufike, na asione? Hapa bado anayo. Kila siku anaigusa kwenye sinia. Nikimpeleka na asione, nitakuwa nimemnyang'anya."

Nikamwambia, "Fundi, saa iliyosimama haidanganyi. Ile inayochelewa ndiyo mwongo."

Akanitazama. Alijua maneno ya nani.

Akatoa tasbihi mfukoni, akaiweka juu ya meza katikati ya maganda ya mbaazi. "Shika wewe."

"Mimi Msunni, Mungu wako atanijua?"

"Shika, Mama Zena. Mkono wako haujui kitu."

Nikasema basi tufanye sawasawa, nisije na mimi nikashuku. Nikaenda mlangoni nikachukua glavu za Rahma, zile nene za sufu zisizotenganisha vidole, za kuchezea theluji, nikazivaa. Fundi akaniangalia nimekaa mezani na kanga kichwani na glavu za mtoto zenye picha ya sungura, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikaona meno yake. "Weka jambo lako moyoni," nikamwambia kwa sauti yake ya kibandani, "niko na parking." Akafumba macho, midomo ikasogea. Akaitikia kwa kichwa. Nikafumba na mimi, nikakamata kama ninavyokamata kuku.

Akahesabu. Mbili, mbili, mbili. Alihesabu polepole, mtu anayejua idadi ya mbaazi kwa kugusa. Ikabaki moja.

Akaihesabu tena kutoka mwanzo. Moja.

Sikumuuliza kijiji gani, si adabu. Lakini vyote alivyovipenda tasbihi ilikuwa imevikataa, na katika vile alivyovitoa mlangoni kimoja tu kosa lake halikuwa la ngazi wala rangi. Prochida. Wenye saa yao iliyokufa.

Wakaenda mwezi wa tano. Siku kumi. Niliwafungia mahamri, nikaambiwa baadaye yaliliwa uwanja wa ndege kabla ndege haijaja.

Shirin ndiye aliyenisimulia, sinia likiwa katikati yetu. Macho yake kufikia hapo yalikuwa kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Walikaa ukingoni mwa bandari, na Fundi akasimama nyuma yake, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akawa anamgeuza kichwa kidogo kidogo, kama anavyosogeza mshale wa saa asije akauvunja. Nyumba moja. Anangoja mpaka aseme nimeona. Halafu inayofuata. Watu wanapita, wanatazama, yeye hana habari. Ya njano. Ya waridi. Ya kijani iliyobanduka. Siku nne mpaka wakamaliza bandari yote.

"Na mwanamke wa dirishani?" nikamuuliza.

"Alikuwepo. Mzee kama wewe. Anaanika soksi." Kisha akasema, "Bahari sikuipata, Mama Zena. Bahari haikuingia kwenye tundu. Lakini niliisikia."

Nikamwambia bahari si kitu, maji tu. Akatabasamu. Safari hiyo pia akanishinda.

Fundi kuhusu safari alikuwa anasema neno moja: "Nzuri." Ukimuuliza zaidi, anauliza habari za lifti. Nikadhani ni tabia yake. Kibanda akakifunga. Shirin giza likamfika kabisa, mwaka uliofuata au wa pili yake, polepole, bila kelele, kama alivyokuwa mwenyewe. Mimi nikahamia kwa Zena binti yangu huko Agincourt, goti langu likaanza kuchagua mabasi, na mlango wa mbele yangu sikuusikia tena.

Nilikutana naye mara moja baada ya hapo, mwezi wa pili, kituo cha basi pale Finch. Theluji ya jana imekuwa tope. Niliiona kofia kwanza. Kapungua. Nikamwendea kwa nyuma nikabana pua: "Hii basi hapana. Saa yake imekufa."

Hakugeuka upesi. Mabega yalitikisika, nikajua amenijua. Lakini alipogeuka uso haukuwa wa kicheko.

"Mama Zena," akasema. "Ile saa. Sikukwambia."

"Saa gani?"

"Ya kanisa. Tulifika pale bandarini saa nane mchana. Nikatazama juu. Saa nane na dakika tano. Nikasema macho yangu. Nikangoja. Ikawa nane na robo." Akavuta pumzi, moshi ukamtoka mdomoni. "Mtu alipiga picha moja, akasogea hatua mbili, akapiga ya pili. Dakika moja, picha mbili. Mtoto mdogo angejua. Mimi fundi, nikasema imekufa. Ilikuwa inakwenda, Mama Zena. Miaka yote ile minne ilikuwa inakwenda."

Utani nilikuwa nao mdomoni, tayari, na ulikuwa mzuri. Niliumeza. Miaka minne kabla ya safari, Shirin bado angeiona bahari.

"Umemwambia?" nikauliza.

"Siku ile ile."

"Akasemaje?"

"Akasema, nigeuze kichwa, ile nyumba ya buluu sijamaliza."

Tukasimama. Basi lake likaja, hakulipanda. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa karatasi, imekunjwa mara nne, picha ya bandari, nyumba za rangi, milima nyuma. Nyingine kabisa. Nikamtazama.

"Shirin anataka kusikia nyingine," akasema. "Kila bandari ina kelele yake. Tunaondoka Jumanne."

"Jumanne hii? Umepiga istikhara?"

"Tumepiga. Yeye ndiye aliyeshika." Akaangalia viatu vyake. "Nikamvisha glavu."

Nikaichukua ile picha, nikaisogeza mbali, nikaisogeza karibu, macho yangu nayo siku hizi si ya kutegemea. Juu ya nyumba palikuwa na mnara, na kwenye mnara kitu cha duara.

"Na hii saa yake," nikamuuliza, "nzima?"

Akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Sikutazama," akasema.